Korongo la Mto Malagarasi



Twapenda kuwasimulia wasomaji habari za safari yetu ya kwenda kulitazama korongo la mto Malagarasi, chini ya Uvinza, katika mkoa wetu wa Kigoma. Twajua ya kuwa wengi wamekwisha kuandika habari za Ujiji, mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka wa 1871, na wengine wameandika habari za sokwe wa Gombe. Korongo hili halina sifa kama hizo. Walakini huko tulilazimika kuungama jambo tulilolificha miezi mingi, nasi twaliandika hapa kwa kuwa twadhani walimu wenzetu wengine nao wana jambo la namna hiyo mioyoni mwao.

Asili ya safari hiyo ilikuwa swali. Siku moja tulikuwa darasani tukifundisha habari za Ziwa Tanganyika. Tuliwaambia watoto urefu wake, na kina chake cha mita 1,470, na ya kuwa katika Afrika nzima hakuna ziwa lenye kina kikubwa kama hicho. Kisha tukaingia katika habari za samaki. Tukasema, kwa sauti ya mtu asiye na shaka, ya kuwa Ziwa ni mama wa mito yote iingiayo humo, na samaki wote wa mito hiyo asili yao ni Ziwani. Walipanda mitoni kama watoto watokao nyumbani kwa mama yao kwenda kutembea.

Hapo kijana mmoja akainua mkono. Ni mtoto wa upande wa Uvinza, aliyelelewa na babu yake mvuvi wa mtoni, naye amekaa Kigoma kwa shangazi yake ili apate kusoma. Akasema, "Mwalimu, kuna samaki babu humtega kwa mgono katika Malagarasi. Mimi huenda Kibirizi kila juma kumnunulia shangazi dagaa na migebuka, nimetafuta, samaki yule sijamwona hata siku moja. Wavuvi wa Ziwani nimewauliza, hawamjui. Kama Ziwa ni mama, mbona mama hamjui mtoto wake?"

Darasa zima likacheka. Lilikuwa swali zuri, tena limesemwa kwa adabu. Lakini sisi tulidhani kicheko kile kinatuelekea sisi, tukaona haya, na haya ikageuka hasira. Tukamwambia, "Kaa kitako. Wewe umesoma kitabu gani?" Darasa likacheka mara ya pili, na safari hii lilimcheka yeye. Akakaa. Tangu siku hiyo hakuinua mkono tena katika somo letu.

Laiti jambo lingeishia hapo, lingekuwa kosa dogo la ulimi. Ila baada ya majuma machache tulipata kusoma maneno ya wataalamu wa mambo ya ardhi na ya samaki, tukaona ya kuwa kijana alikuwa amegusa jambo kubwa. Wataalamu husema hivi. Mto Malagarasi ni mkongwe kuliko Ziwa lenyewe. Hapo zamani sana, kabla Ziwa halijakuwako, mto huu ulikwenda moja kwa moja magharibi hata ukaungana na maji ya Kongo. Kisha nchi ikapasuka, likatokea lile bonde kuu la ufa, na ardhi ya katikati ikadidimia polepole. Maji yakaanza kukusanyika humo, yapata miaka milioni tisa hata kumi na mbili iliyopita. Ndivyo lilivyozaliwa Ziwa, nalo likaukata mto wa kale vipande viwili. Na ushahidi mmoja wa neno hilo ni samaki: katika Malagarasi wako samaki ambao jamaa zao wanaonekana katika mto Kongo, ng'ambo ya pili, na Ziwani kati hawaonekani. Basi Ziwa si mama wa mto. Mto ulikuwako kwanza, na Ziwa ndilo mgeni aliyekuja kuketi njiani.

Tulisoma hayo, tukafunga kitabu, tukanyamaza. Kila siku tuliingia darasani tukamwona kijana yule ameinama juu ya daftari lake, tukasema moyoni, "Kesho tutamwambia." Ile kesho haikufika kwa vipindi viwili vya masomo. Tuliogopa ya kuwa mwalimu akisema mbele ya watoto, "Nilikosea," kesho yake watoto hawatamsikiliza. Mwisho tukapata shauri ambalo tuliliona la akili: tuwapeleke watoto wakaone mto wenyewe, na mto utasema badala yetu. Twakiri ya kuwa hilo nalo lilikuwa namna ya kujificha.

Basi katika likizo ya mwezi wa nane, maji yanapokuwa machache na njia ni kavu, tuliondoka Kigoma alfajiri, sisi na mwalimu mwenzetu mmoja na wanafunzi kumi na wanane, katika gari la kukodi. Tulipita Kidahwe na Kazuramimba, tukiwaona watu wakienda mashambani, na moshi wa mioto ya nyasi umetanda juu ya vilima, hata jua lilipotoka lilikuwa jekundu kama sahani ya shaba. Kabla ya adhuhuri tukafika Uvinza.

Uvinza ni mji wa chumvi. Mahali pale mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, maji ya chumvi hububujika toka ardhini, na tangu zamani watu waliyachemsha katika vyungu wakapata chumvi. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba huko katika miaka ya 1960 walikuta vigae vya vyungu vya umri wa miaka yapata elfu moja na mia tano. Chumvi hiyo ilichukuliwa mbali, na wasafiri waliokwenda Ujiji walipita hapa. Burton na Speke walivuka Malagarasi mwaka wa 1858, na Stanley akavuka mwaka wa 1871. Wote walilipa hongo nyingi kwa wenye vivuko, na Stanley akapoteza na punda wake pia, aliyeshikwa na mamba katikati ya maji. Punda huyo aliitwa Simba. Watoto walicheka sana kusikia ya kuwa Simba ameliwa na mamba. Lakini kijana wetu hakucheka. Alikuwa akitazama barabarani, kwa maana babu yake ndiye aliyekubali kutuongoza.

Mzee alikuja na fimbo na panga, amevaa koti kuukuu lililofuliwa vizuri. Tulisalimiana sana, tukaulizana habari za nyumbani, za mashamba na za mvua, kama ilivyo desturi. Kisha alitushika mkono akatuvuta kando kidogo, mbali na watoto, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, mimi nina neno la kukuomba. Mjukuu wangu ana tabia ya kuuliza uliza. Alipokuja likizo iliyopita aliniambia kwamba alikuuliza jambo darasani ukakasirika. Unisamehe. Kosa si lake, ni langu. Mimi sikusoma, na tulipokuwa mtumbwini hatukuwa na kitu kingine cha kufanya ila kuulizana. Nimekwisha kumkataza. Nimemwambia, shuleni husikilizwa, haiulizwi. Sasa amenyamaza, sivyo?"

Tukajibu, "Ndiyo, mzee, amenyamaza."

Akasema, "Ahsante. Basi usimfukuze."

Wasomaji wapenzi, tumekwisha kukemewa mara nyingi katika kazi hii, na wakaguzi na wakubwa na wazazi wenye hasira. Lakini hapana neno lililotuchoma kama msamaha ule tulioombwa na mtu ambaye sisi ndio tuliomkosea. Tulitaka kumjibu palepale. Watoto wakatukaribia, na mzee akageuka, akashika njia. Tukamfuata.

Sasa tuseme habari za mto. Malagarasi huanza katika nchi za juu karibu na mpaka wa Burundi, mahali pasipo mbali sana na Ziwa, walakini hauendi Ziwani kwa njia fupi. Huzunguka upande wa mashariki, ukapita katika mabwawa makubwa ya Moyowosi, ambayo mwaka wa 2000 yaliandikwa kuwa ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania katika mkataba wa Ramsar. Kisha hugeuka magharibi, ukapita Uvinza. Mpaka hapo mto ni mpole, maji yake yakienda polepole kati ya matete. Lakini toka Uvinza hata Ziwani hauna budi kushuka yapata mita 200, na njiani umesimama ukingo wa milima. Mto haukuizunguka milima hiyo. Umeikata.

Tulikwenda kwa miguu katika mwitu wa miombo, miti mingine imepukutisha majani, mingine imeanza kutoa machipukizi mekundu, ingawa mvua ilikuwa bado. Njia ilikuwa ya mawe na majani makavu yaliyoteleza. Mzee alikwenda mbele akitupigia mawe kwa fimbo ili nyoka wasikie. Baada ya mwendo wa saa moja na zaidi tukaanza kusikia mvumo, tukadhani ni upepo. Lakini majani yalikuwa yametulia. Mzee akasema, "Huo ndio yeye." Tukapanda kijilima, na mara nchi ikakatika mbele ya miguu yetu.

Chini kabisa, kati ya magenge ya mawe mekundu na meusi, mto ulikuwa ukienda kwa ghadhabu. Maji yale mapana tuliyoyaona Uvinza sasa yalikuwa yamebanwa yakawa membamba, yakijitupa toka mwamba hata mwamba, meupe kama unga. Mahali pengine yaligawanyika njia tatu nne kati ya visiwa vya mawe, kisha yakakutana tena kwa kishindo. Mvuke ulipanda, na pale ulipogusa kuta za korongo palikuwa na majani mabichi ijapokuwa nchi nzima ya juu ilikuwa kavu. Mikuyu imeshika nyufa kwa mizizi kama vidole vya mtu aogopaye kuanguka, na mikindu imeinama juu ya maji. Furukombe mmoja alikaa juu ya mti mkavu ng'ambo, akapiga ukelele wake, na sauti ikagonga kuta ikarudi. Nyani walitutazama toka magengeni, wakatuona hatuna maana, wakaenda zao.

Tuliteremka kwa tahadhari, kila mmoja akimshika mwenziwe, na mahali pa hatari mzee alisimama akatoa mkono wake kwa kila mtoto mmoja mmoja. Tulipofika kwenye mwamba mpana ulio juu ya maji tukaona jambo la ajabu. Mwamba ulikuwa umejaa mashimo ya duara, mengine madogo kama kikombe, mengine yakimmeza mtoto hata kifuani, laini ndani kama vinu vya kutwangia. Wasichana wakapiga kelele, "Vinu! Ni nani aliyevichonga?"

Sisi tuliwaeleza ya kuwa ni mto ndio uliovichonga. Wakati wa masika maji hufunika mwamba huu, huzunguka katika kila kishimo, na ndani yake huzungusha mawe madogo, usiku na mchana, mwaka hata mwaka. Maji peke yake hayawezi kukata mwamba upesi. Chombo chake ni mchanga na mawe anayoyachukua. Hivyo ndivyo korongo lote lilivyochimbwa. Mtoto mmoja akaingiza mkono katika kinu kimoja akatoa jiwe la mviringo kama yai. Ndipo kijana wetu, akasahau kwamba alikuwa amekatazwa, akasema, "Basi itakuwa mto huu umekuwako siku nyingi sana."

Mara akakumbuka, akafunga kinywa, akamtazama babu yake. Na babu yake akatutazama sisi.

Hapo tulijua ya kuwa mto umekwisha kusema sehemu yake, na hautasema iliyo yetu. Tukawakusanya watoto juu ya mwamba, tukasema, "Kijana huyu alituuliza swali darasani. Tulimfanyia ukali. Yeye alikuwa na haki, na sisi tulikuwa tumekosea." Lakini kishindo cha maji kilikuwa kikubwa mno, na sisi tulikuwa tumesema kwa sauti ndogo, kama mtu asemavyo jambo ambalo hapendi lisikiwe. Kijana akaweka mkono sikioni, akasema, "Sikusikia, Mwalimu."

Ikatubidi kuyasema mara ya pili, kwa sauti kubwa, hata nyani wa ng'ambo wakageuka. Tulisema yote: kwamba tulimnyamazisha, kwamba baadaye tulisoma tukaona ya kuwa mto ni mkubwa wa Ziwa, kwamba tulilijua jambo hilo kwa vipindi viwili vya masomo tusimwambie. Kisha tukamgeukia mzee tukamwambia, "Mzee wangu, uliyotuomba kule Uvinza tulipaswa kukuomba sisi. Tafadhali umwondolee amri ile ya kunyamaza."

Watoto walinyamaza kimya. Tulingoja kicheko, kile tulichokiogopa siku zote. Hakikuja. Mzee alitazama maji kitambo, akasema, "Mimi sikujua kwamba mwalimu naye hukosea." Kijana alikuwa ameinama, akilizungusha lile jiwe la mviringo katika viganja vyake. Hakusema kwamba ametusamehe, wala sisi hatukumwuliza. Lilikuwa jambo kubwa kwa mtoto kujibu mbele ya watu.

Tulikula chakula chetu kivulini, mihogo na dagaa waliokaangwa, na mzee akawaonyesha watoto mahali viboko wanapokuja jioni katika maji yaliyotulia. Tulipokuwa tukijifunga tayari kuondoka, mkono uliinuka. Alikuwa yeye. Akasema, "Mwalimu, watu husema kwamba hapa Igamba patajengwa mtambo wa umeme. Maji yakizuiwa, wale samaki watakwenda wapi? Hawawezi kwenda Ziwani, maana Ziwani si kwao."

Tuliwaambia yale tuliyoyajua. Mwaka wa 2008 Tanzania na Marekani zilipatana juu ya miradi kadhaa, na mtambo wa umeme wa Malagarasi ulikuwa mmoja wapo. Lakini walipochunguza mto walikuta viumbe ambao hawajaonekana mahali pengine, na mradi ule ukaachwa, fedha zikatumiwa kwa umeme wa jua katika vijiji. Kisha mwaka wa 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kukopesha dola milioni 140 kwa mtambo mwingine wa megawati 50 hivi. Tena tuliwakumbusha miaka ile ambayo umeme wa Kigoma ulitoka katika mitambo ya mafuta, wenye gharama kubwa na kukatika mara kwa mara, na ya kuwa mama ajifunguaye usiku katika zahanati isiyo na taa naye ana haki yake. Kwa hiyo mtu asiseme upesi kwamba umeme ni mbaya, wala asiseme upesi kwamba samaki si kitu.

Kijana akasikiliza yote, akasema, "Lakini samaki watakwenda wapi, Mwalimu?"

Tukamjibu, "Hatujui." Na neno hilo, ambalo tulidhani litatuvunjia heshima, lilitoka kinywani jepesi. Watoto hawakushangaa. Wakaanza kushindana wao kwa wao: mmoja akasema waachiwe njia kando ya ukuta, mwingine akasema mto usizuiwe wote, msichana mmoja akasema kwanza wahesabiwe wajulikane ni wangapi. Walibishana njia nzima ya kurudi Uvinza, na mzee akabishana nao.

Wasomaji wanaopenda kulitazama korongo hili twawashauri waende wakati wa kiangazi, wavae viatu vya kushika mawe, wachukue maji ya kunywa, wala wasikaribie maji yaliyotulia, kwa kuwa mamba bado wako, ingawa punda ni wachache. Na wasiende bila mwenyeji. Kitabu hakionyeshi jiwe gani linateleza.

Jiwe lile la mviringo kijana aliliweka juu ya meza yetu siku ya kwanza ya masomo, bila kusema neno. Liko hapo hata leo tunapoandika, likizuia karatasi zisipeperuke. Katika somo la juzi aliinua mkono mara nne. Mara mbili tulijua jibu, na mara mbili tulimwambia kwamba tutatafuta pamoja.

Ni sisi, mwalimu wenu,
Kigoma.